Nyumba ya Boaz Huku Katoro

Mdogo wangu Scolastika,

Wasalimie wote hapo Maganzo. Mimi mzima. Nyumba aliyonijengea mwanangu Boaz ina maji ndani, na unga ananiletea magunia. Hata hivyo nanunua mahindi na kwenda mashineni kusaga, nipate kukaa foleni na wanawake wenzangu.

Juzi mmoja akaniuliza, "Shikamoo Mama Boaz, umeamkaje?" Sikuwa nimeulizwa hivyo tangu nihamie. Nikalia mbele za watu.

Nimemwomba Boaz anirudishe. Akashangaa: "Mama, kule kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Nikamwambia, "Scolastika."

Jumamosi ananileta. Usihangaike na nyama. Pika michembe ya viazi tu, tule sahani moja.

Dada yako,
Sikujua