Jina Nililokwenda Nalo Shuleni

Yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa,

Nimefanya jambo bila kukuuliza, na tangu Ijumaa siwezi kukaa mahali pamoja. Nikikaa, nasimama. Nikitoka nje, narudi. Leo ni Jumapili, misa imekwisha, wenzangu wamekwenda uwanja ulio karibu na stesheni kutazama mpira. Nimebaki peke yangu karakana. Nimekwisha kunoa patasi tatu ambazo hazikuhitaji kunolewa. Afadhali niandike.

Acha nilieleze jambo hili kwa mpango, kwa sababu juzi nilimweleza Bruda, mkubwa wa shule, na sikulieleza vizuri.

Wewe ndiwe uliyefanya mtihani, kule misheni, Bruda asikuone. Barua ikatoka hapa Kamina: Kasongo Petro amepokelewa shule ya ufundi, useremala, miaka mitatu. Serikali itamlipia chakula, blanketi na nguo za kaki, na akimaliza atapewa sanduku la vyombo vya kazi, liwe lake mwenyewe. Ulimsomea Mama barua ile mara nne. Mara ya tano ukamsomea mbuzi, maana sisi wengine tulikuwa tumekimbia. Kisha homa ikakushika, katikati ya mvua, na njia ya kwenda dispensari imejaa maji. Siku sita. Juu ya siku zile siandiki.

Matanga yalipokwisha, Baba Mkubwa Mwamba alinikalisha juu ya mkeka, akanipaka pemba, ule udongo mweupe, mikononi na kifuani, akanifunga mshipi wako. "Kasongo hakukufa," aliwaambia watu. "Njo huyu," akanionyesha kwa kidole. Ndivyo tunavyofanya kwetu, ili aliyekufa asikose mahali pa kukaa. Tangu siku ile hakuna aliyeniita Numbi tena. Mama alianza kunipa firigisi ya kuku, iliyokuwa yako sikuzote. Mimi sipendi firigisi, unajua. Niliila.

Barua ya shule ilikuwa imekunjwa pamoja na mshipi. Baba Mkubwa aliigeuza huku na huku, akasema, "Karatasi inaita Kasongo. Kasongo iko hapa. Aende." Nikamkumbusha kwamba karatasi inasema Petro, nami nilibatizwa Yohane. Akacheka. "Petro ile ni mambo ya padri. Bula Matari, ile serikali, anatafuta fundi, hatafuti mutakatifu." Watu wote wakacheka, mimi pia. Yaya, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba tunaidanganya serikali. Asubuhi ya kwanza hapa, Bruda aliposoma orodha akaita Kasongo Petro, niliitika "Niko!" kwa sauti, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Mashaka yalianzia mikononi. Wewe ulikuwa ukinusa mti kabla ya kuukata. Mwiko wa kusongea bukari uliomchongea Mama kwa kisu cha jikoni, hata leo haujapasuka. Mimi nilikuwa mtu wa kusoma. Mwaka wa kwanza niliharibu mbao nyingi mpaka wenzangu wakanipa jina, Mbao-Mbili, kwa sababu kwa kila kazi nilihitaji ubao wa pili. Siku moja Bruda alisimama nyuma yangu, akatazama mguu wa kiti nilioukata mfupi, akasema, "Kasongo, katika mtihani ulikuwa wa kwanza. Mikono hii umeitoa wapi?" Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Nilijiona kama mtu aliyeazima koti la mwenzake akalimwagia mafuta.

Basi nikafanya bidii kwa ajili ya jina lako. Nilirudia kila kiungo cha mbao mara kumi. Nikajifunza kusikiliza randa. Ikiimba, ubao unakubali. Ikikwaruza, umekwenda kinyume cha nyuzi za mti. Mwaka wa pili nilitengeneza sanduku ambalo pembe zake zinashikana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Bruda alilivuta, alilipiga kwa kiganja, halikusema kitu. Akalirudisha mezani polepole, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Siku ile nilitaka sana mtu aniite Numbi.

Sasa miaka mitatu inakwisha. Mwezi huu Bruda alitangaza kwamba mkaguzi wa serikali anakuja, na kila mmoja alete karatasi ya ubatizo kutoka misheni yake ili vyeti viandikwe sawasawa. Wenzangu walifurahi. Mimi niliacha chakula. Lile buku la ubatizo la misheni yetu nalijua, maana nilikuwa nikimshikia padri wino. Pembeni mwa Petro Kasongo kuna msalaba mdogo aliouchora mwenyewe siku uliyozikwa. Pembeni mwa Yohane Numbi hakuna kitu.

Nilipata ruhusa ya siku mbili, nikaenda nyumbani kwa miguu. Nilimwambia Baba Mkubwa kwamba nataka kusema kweli. Hakunikemea kwa nguvu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ukisema weye si Kasongo," aliniambia, "unamuua mara ya pili. Tena kwa mukono yako." Asubuhi nilifunga mzigo nikawaza, basi, nitanyamaza, nitatafuta namna, labda padri ataniandikia.

Mama alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba la mihogo. Alinipa karanga zilizofungwa katika kitambaa. Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliposema, "Numbi, kamba ya kiatu."

Yaya, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alitazama nyuma kama mtu aliyeiba. Nami nilibaki nimesimama, kamba inaburuta udongoni, nisijue niiname au nimshike. Miaka mitatu! Nilifikiri Mama amepoteza mtoto mmoja, naye amepewa badala yake. Kumbe alipoteza wawili, na hakuruhusiwa kumlilia hata mmoja, maana mmoja "hakukufa" na wa pili "hakuwapo". Niliifunga kamba. Sikumbuki kama nilimuaga.

Ijumaa niliingia ofisini kwa Bruda kabla ya kengele ya kazi. Nilisema, "Bruda, mimi si Kasongo Petro. Kasongo ni yaya wangu, na amefariki." Nilitaka kueleza habari ya pemba na mshipi, lakini maneno yalitoka yamechanganyika, nikaanzia mwisho. Bruda alifungua buku lake, akafuatisha jina lako kwa kidole. "Kijana wa mtihani ule amekufa," alisema polepole. "Na kila asubuhi ninamwita." Kisha alikasirika. Alisema msaada ule wa serikali ulitolewa kwa mtu mmoja mwenye jina lake, kwamba kuna watoto waliokosa nafasi, kwamba serikali itamwona yeye ni mwongo. Watoto wale sikuwa nimewafikiria kamwe, na tangu hapo siachi kuwafikiria. Labda mmoja wao alikuwa na mikono kama yako.

Mwisho aliniuliza jina langu. Nililisema. Likasikika geni hata kwangu.

Hukumu yake ni hii. Nimeondolewa katika orodha, chakula changu kimekatwa, ila naruhusiwa kulala hapa mpaka Jumatano. Nguo za kaki nimerudisha, nimezikunja vizuri. Jumatano mkaguzi atakapofika, Bruda atamweleza yote, na akikubali, nitafanya mtihani kwa jina la Numbi Yohane: hesabu, mchoro, na dirisha moja zima mbele ya macho yao. Nikifaulu, Bruda ataomba msaada ule uhamishiwe kwangu, nipate cheti na vyombo, na kazi ipo, maana kambi ya ndege ya hapa Kamina inatafuta maseremala kila siku. Nikishindwa, au mkaguzi akikataa kunisikiliza, ninakwenda nyumbani mikono mitupu, na Baba Mkubwa atasema alinionya.

Habari ilifika bwenini kabla yangu. Kyungu, mwenzangu wa Malemba-Nkulu anayelala kitanda cha pili, aliruka juu ya godoro. "Ee! Kumbe tulikuwa tunalala na marehemu! Njo sababu alikuwa anakoroma vile!" Wote wakaanguka kwa kicheko. Kisha akanikatia nusu ya bukari yake, na kila chakula tangu siku ile amenikatia, huku akinitukana kwamba wafu wanakula sana.

Nacheka pamoja nao. Lakini nasikia maneno ya Baba Mkubwa nikiosha uso, nikisali. Je, nimekuua? Nimekutoa nje kwenye mvua? Ungekuwa hai ungenivuta sikio, lile la kushoto, na ningejua umekasirika kiasi gani kwa namna unavyolivuta. Sasa nangoja, na sikio haliumi.

Nitakuambia ninavyofikiri, nawe ukiona nakosea, unisamehe. Nilikubeba kadiri nilivyoweza. Lakini kwa kuwa nilikuwa wewe, sikuweza kukukumbuka mbele ya watu. Nani anamkumbuka mtu aliyeketi mbele yake anakula? Hata kaburi lako tumeliacha. Vijiti vilivyofungwa msalaba siku ya mazishi vililiwa na mchwa mwaka ule ule, na hakuna aliyeweka vingine, kwa sababu Kasongo alikuwa anatembea Kamina na kaburi la mtu anayetembea halina haja ya jina. Nilipita pale nilipokuja kumwona Mama. Majani yalifika kiunoni.

Basi naahidi hivi, nifaulu au nisifaulu Jumatano. Nikiwa na vyombo vyangu, nitatumia hivyo. Nikiwa sina, nitaazima patasi ya Kyungu. Nitachagua mti ambao mchwa hawaupendi, nitatengeneza msalaba ambao hautalegea, na juu yake nitachonga kwa kina KASONGO PETRO, herufi zote, bila haraka. Nitausimamisha mwenyewe. Kisha nitakwenda kumchukua Mama nyumbani, nimshike mkono mpaka pale, nimwache akae muda wote anaotaka. Sitamwambia anyamaze, wala sitakubali mtu amwambie.

Lala vizuri, Yaya. Jina lako nimekurudishia, limechafuka kidogo, lakini halina deni la uongo tena. Jumatano uniombee kama mtu anavyomwombea mdogo wake.

Mimi,
Numbi