Jino la Kaka Yako

Shemeji yangu mpendwa,

Huku hatujambo, na paka amezaa chini ya cherehani yangu. Binti yetu anaolewa mwezi ujao, ila bangili yangu nene ya dhahabu ameikataa. "Mama, hiyo ni pingu! Siku hizi watu wanavaa mkufu mwembamba." Nikacheka, nikakubali iyeyushwe.

Moyo ulisita kwa sababu ya lile bonde dogo kwenye bangili. Unakumbuka marehemu kaka yako alivyoing'ata mbele yenu, akidai sonara kamuuzia shaba? Sikumwambia mtoto. Sikutaka kutia machozi kwenye furaha yake.

Wiki iliyopita sonara aliigeuza bangili, akauliza, "Hapa pamebonyea. Iligongwa na nini?"

Binti akadakia, "Hilo ni jino la baba, fundi. Kipande hicho kikate kibaki vilevile, kiwe kidani cha kuning'inia kwenye mkufu wangu. Kingine chote yeyusha."

Nikajifanya natafuta miwani, nayo nimeivaa.

Mkufu umempendeza kweli, pamoja na wembamba wake. Njoo harusini. Ukimwona mama wa bibi harusi anamtazama mwanawe kifuani badala ya usoni, usimcheke.

Ni mimi shemeji yako, mkono sasa mwepesi.