Mstari Uliopinda

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Miguu inasemaje? Mimi sijambo, ila chumba changu kinavuja, kwa hiyo nimemtuma dereva wa lori akuletee mchoro mmoja mkubwa. Uuegemeze ukutani karakanani kwako hadi maonyesho ya Mei. Najua utaguna: "Pembetatu tupu, na tena kachora kompyuta." Kompyuta inapanga tu, Baba, rangi napaka mwenyewe kwa brashi, mpaka bega linauma. Mwenye ukumbi ananibembeleza niweke walau uso wa mtu mmoja. Nimemwambia akitaka nyuso atundike vioo.

Mwanao

9 Machi

Bi Pembetatu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, miguu inalalamika lakini inatembea. Mzigo umefika. Jirani yangu kinyozi ameutazama, akauliza hiyo ni sakafu ya nani. Nimemfukuza, kukucheka wewe ni haki yangu peke yangu.

Ila nawe! Nimekufundisha kupiga mstari tangu utotoni, halafu unaniletea mstari wa katikati uliopinda? Samaki mkunje angali mbichi. Wewe umekauka umepinda. Mwandishi wa mabango kama mimi hawezi kukaa na kitu hicho. Nimechukua rula na rangi ya mafuta, nikaunyoosha wote. Usinishukuru.

Babako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo unachemka. Umeufunika mchoro wenyewe! Unakumbuka nilivyokurekodi kwa simu ukiandika kibao cha duka la dawa? Niliiandikia kompyuta programu ifuate ncha ya brashi yako: inapotetemeka, pembetatu nazo zinasogea. Ule mstari ni mkono wako. Sikukosea.

Ifute rangi yako kwa tapentaini kabla haijakauka kabisa. Rangi yangu ya chini si ya mafuta, haitadhurika. Nimekasirika, nakwambia wazi.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Sifuti. Mkono wangu hautetemeki. Ukiutundika mchoro huo mbele ya watu, watasema fundi amekwisha, na nani atanipa kibao tena? Chora mkono wa mtu mwingine.

Babako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole kwa hasira. Mtu mwingine simchori. Mkono wako unatetemeka, na herufi zako bado zinasomeka toka ng'ambo ya barabara. Mistari iliyonyooka kompyuta inanipigia mingi kabla sijakohoa. Huo wako haiwezi kuubuni. Nafasi ya mchoro ukutani nimeiacha. Usipoifuta rangi yako, nafasi itabaki wazi, nami nitasimama pale nimweleze kila anayeuliza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ubishi huu sikuuokota barabarani.

Mwanao

3 Mei

Bi Pembetatu,

Marahaba. Natumaini unakula, maana kwa ugomvi unahitaji nguvu. Mchoro uko kwenye lori. Nimefuta. Rangi ilikuwa imeshika, nimesugua hadi nikatukana. Kinyozi aliona mkono unavyocheza, akataka kunisaidia, nimemnyang'anya kitambaa.

Halafu nimeweka sahihi yangu chini, kulia, kubwa kuliko yako. Imetetemeka nayo. Usithubutu kuinyoosha. Huyo mwenye ukumbi akiuliza nani kaupinda mstari, mwambie ni baba yako, na kwamba bado anapokea kazi.

Babako