Mishono ya Jokudu

Jumatatu, 5 Machi 2007

Sare kumi na mbili za shule zimekwisha. Zimebaki suruali. Cherehani inakata uzi tena, nimeipaka mafuta mara mbili. Nimefunga kibanda mtaa wa Hai Mauna saa kumi, nikarudi nyumbani Nyakuron kwa miguu. Joto kali. Mvua bado.

Nimemkuta Jokudu amelala mlangoni, maharagwe yameungua. Milaya iko magotini pake, sindano inaning'inia. Aliianza Krismasi, shuka nyeupe ya kutarizi maua, ya kutandikia kitanda siku ya wageni. Nimeiangalia kwa jicho la fundi. Maua ya mwanzo yamenyooka kama ya mashine. Ya tangu Januari yanatangatanga. Petali moja imevuka hadi kwenye ua la jirani. Nimemwambia anaharibu uzi.

Amesema, "Mimi hapana lala, fundi. Mimi napumzisha macho tu."

Sikucheka. Zamani Kiswahili chake cha Uganda kilinichekesha kila siku. Mke wangu miaka minane, na leo nimemfokea kwa ajili ya uzi.

Nimekula maharagwe yaliyoungua. Nina hasira na sijui ya nini.

Alhamisi, 8 Machi

Ametia chumvi kwenye chai. Jana alimtukana jirani, yeye ambaye hata mbuzi hamtukani. Usiku hapati usingizi, mchana usingizi haumwachi.

Shemeji Wani, kaka yake, amekuja. Anasema dada yake amerogwa, yuko mganga huko New Site anayeweza kumfungua. Nimesema hospitali kwanza.

"Wewe mtu wa Kenya," akasema. "Hata kuku akikohoa utampeleka hospitali."

Kesho tunakwenda.

Jumatatu, 12 Machi

Ni malale. Ule ugonjwa wa mbung'o. Ijumaa muuguzi alimpapasa nyuma ya shingo, akakuta tezi. Damu ikathibitisha. Leo wamemchoma mgongoni kutoa maji ya uti. Nilimshika kichwa, amejikunja kama mtoto. Vijidudu vimeshafika kwenye ubongo.

Nimeuliza tangu lini. Daktari amesema pengine mwaka mzima, au zaidi. Basi ni kule shambani, kabla hatujahamia mjini.

Ilikuwa imeandikwa kwenye mishono ya milaya tangu Januari. Na mimi ni fundi cherehani.

Jumanne, 13 Machi

Daktari ameniita nje. Jokudu alikuwa amelala. Ameeleza polepole. Bila dawa, hufa. Dawa iliyopo ina sumu ndani yake. Wengi huwaponya. Wengine huwaua yenyewe, na hakuna ajuaye mapema ni nani. Amesema, "Akiamka, mweleze yeye mwenyewe. Mwili ni wake."

Wani amekataa. Anasema mtu akitajiwa kifo, moyo wake hukifungulia mlango. Tumebishana chini ya dirisha la wodi. Sikubishana sana.

Aliamka saa nane. Nikamwambia ni dawa kama kwinini, kali kidogo tu. Akasema sawa. Anajua kuandika jina lake, ila leo kalamu ilimshinda. Nimeshika kidole gumba chake, nikakibonyeza mimi kwenye karatasi ya kukubali dawa.

Daktari ameniuliza kama nimemweleza. Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 16 Machi

Sindano ya kwanza. Zote ni kumi, moja kila siku. Bomba la sindano ni la kioo. Muuguzi anasema dawa hii inakula plastiki. Inaingia kwenye mshipa taratibu, tone lisimwagike, maana linaunguza nyama. Jokudu alisema neno moja tu. Moto. Mimi nilitazama ukuta.

Kitanda cha pili yupo bibi mzee, wote wanamwita Habuba Keji, habuba ni bibi kwa Kiarabu cha hapa. Naye ana malale. Wanamlisha kwanza apate nguvu, ndipo aanze dawa. Anaangalia kila kitu.

Jumapili, 18 Machi

Sikwenda kanisani. Amekula samaki nusu na asida yote, ugali wa huku. Ameniuliza kama nimemwagilia bamia.

Nimekumbuka siku niliyomwona kwanza, Arua, nilipokwenda kununua vitambaa. Aliuza nyuzi. Alinipunja rangi ya buluu, akanipa nyeusi, nikarudi kesho yake kulalamika. Alikuwa ameshaiweka buluu kando, kwenye gazeti. Alijua nitarudi.

Mtoto wetu mmoja tulimzika huko huko Uganda. Nguo yake ya mwisho niliishona mimi, maua alitarizi yeye.

Jumanne, 20 Machi

Sindano ya tano. Hakulala mchana kutwa! Ameomba milaya. Nimekwenda mbio kuileta. Ameuchagua uzi mwekundu, akautia kwenye tundu la sindano mara moja. Ametarizi ua moja dogo. Petali tano, zote sawa. Limenyooka.

Akaniambia, "Fundi gani wewe? Shati yako kifungo moja hapana iko. Watu ya Mauna watakuletea kazi namna gani?"

Habuba Keji amecheka hadi akakohoa. Mimi nimecheka hadi machozi.

Kisha akaniangalia. Macho yake yale ya Arua. Akauliza, "Hii dawa ya kioo. Inaua watu?"

Nikamwambia, "Kesho tutazungumza. Leo pumzika."

Akili zake zilikuwa zote. Angeweza kuelewa. Angeweza kukataa, angeweza kukubali. Nilitaka siku moja ya furaha. Nilijitakia mimi.

Kesho nitamwambia.

Jumatano, 21 Machi

Degedege asubuhi, kabla ya sindano ya sita. Nilifika na uji, nikakuta wamemzunguka. Dawa imesimamishwa. Hajitambui.

Nimemwambia yote, sikioni. Sumu, karatasi, kidole. Nimechelewa.

Uji nimempa Habuba Keji.

Ijumaa, 23 Machi

Saa tano asubuhi. Jokudu amefariki.

Jumapili, 25 Machi

Tumemzika jana. Watu wengi, hata yule jirani aliyetukanwa, amelia kuliko wote.

Watu walipokwisha kula, Wani alinivuta kando. Akauliza, "Alijua?"

Nikasema hakujua.

"Ni mimi nilikukataza."

Nikamwambia mdomo ulikuwa wangu. Akanimiminia chai.

Mke wa Wani anataka kufumua mishono mibaya ya milaya na kuishona upya, ipendeze. Ana nia njema. Nimemwomba aiache. Amenishangaa, lakini ameiacha.

Jumatano, 28 Machi

Nimerudisha blanketi ya wodi. Habuba Keji ameniita kwa kidole. Kesho anaanza sindano. Mwanawe amemwambia ni vitamini.

"Vitamini!" akasema. "Mimi nazaa watoto saba. Mimi nakimbia vita mbili. Mimi naona mke yako hapa, na bomba ya kioo. Wewe nilisikia ukimwambia kesho. Mimi sina kesho ya kutupa. Sema."

Nimekaa kwenye kitanda cha Jokudu. Hakina shuka. Nimemweleza kama daktari alivyonieleza, sikulainisha hata neno. Amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kumbe anafikiri. Akauliza kama inauma. Nikasema kama moto.

Akamwita muuguzi. Amekubali sindano, ila si kesho. Jumamosi. Kwanza aletewe wajukuu awaone.

Nje mwanawe amenishika shati. Amesema nimemtakia mama yake kifo. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nilikuwa yeye, wiki mbili zilizopita.

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Mvua ya kwanza, tukiwa kanisani. Mabati yalipiga kelele, padri akanyamaza, sote tukasubiri.

Mchana nimepita hospitali. Habuba Keji amebakiza sindano moja. Amedhoofika, mkono umevimba, lakini amekaa. Mwanawe alinipa kiti bila kunitazama. Habuba alikuwa ameniagiza nimletee milaya, nikaifungua miguuni pake. Amepitisha kidole tangu maua ya Krismasi, polepole, hadi kwenye yale yanayotangatanga.

"Hapa anaumwa," akasema. Kidole kikafika kwenye ua jekundu. Kikatulia hapo. "Hapa amerudi."

Nimerudi nyumbani. Bamia zimeota upande mmoja tu, ule niliokumbuka kumwagilia. Nimeshona kifungo cha shati.

Nimeitandika milaya kitandani, ingawa hakuna mgeni. Sindano iko bado upande wake, pale alipoichomeka, na uzi mwekundu umebaki kama shubiri moja. Sitaichomoa. Nitalala upande wangu.