Mwanao Kapimwa Akili, Somoe

Somoe mwanangu,

Usininunie huko uliko. Nimesema. Lile jambo ulilotaka nilifiche nimelitoa hadharani, mchana kweupe, tena mbele ya mwalimu, na wala sijutii.

Unakumbuka mwenyewe. Mwanao Mwanahawa alipotoka kupasuliwa moyo kule Dar, bado mchanga, ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, wakiuliza kovu la kifuani, sema kaunguzwa na uji." Uliogopa waseme binti ana moyo mbovu, akikua akose wa kumwoa. Nikausema huo uji hapa kwetu Mingoyo nzima. Kila tukienda kliniki ya moyo majirani nawaaga tunakwenda harusini, mpaka wanashangaa ukoo wetu unavyooza. Ulipokufa nikaendelea, maana usia wa marehemu haupuuzwi.

Sasa yuko darasa la tatu. Mtume dukani chumvi, kiberiti na sabuni, atarudi na chumvi, kisha asimame mlangoni akutazame usoni kama vile vingine vimeandikwa humo. Kusoma anasoma, ila akifika mwisho wa mstari mwanzo umeshamtoka. Mwalimu wake, kijana wa adabu, akaniita shuleni, akaniamkia vizuri kabisa, halafu akasema, "Bibi, mtoto huyu hana moyo wa kusoma."

Hana moyo. Somoe, damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Moyo anao. Ulikuwa na tundu, madaktari wakaliziba, na mimi nilikuwa nje ya mlango wakiziba. Wewe nani kakwambia hana?"

Masikini kijana wa watu, alikuwa anasema uvivu tu. Akanivutia kiti. Baadaye akaniuliza taratibu kwa nini miaka yote hatukuwaambia, angejua asingemwita mvivu mbele ya wenzake. Jibu nilikuwa nalo, lakini ni lako, na wewe umelala udongoni. Akanisihi nikienda kliniki niwaeleze anavyosahau.

Nikaenda. Lifti ile ile ya hospitali, mwanangu, uliyonicheka siku ile nilipoingia nikisoma Bismillahi kama naingia pangoni. Safari hii hakukuwa na wa kunicheka.

Daktari, mwanamke mdogo tu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema baadhi ya watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo, hata wakitibiwa, hupata taabu ya kukumbuka na kutulia, maana tangu tumboni ubongo haukupata damu na hewa sawasawa. Akasema wanatakiwa wachunguzwe mapema, na warudiwe kipimo kadiri wanavyokua. Hapo vizuri. Halafu akasema, "Kwa hiyo leo tutampima akili."

Nikasimama, nikakaza kanga. Kwetu mtu haambiwi akapimwe akili ila ametukanwa. Nikamwambia mjukuu wangu hatembei uchi wala haokoti makopo. Akacheka, nami nikazidi kununa. Ndipo akanieleza kuwa ni kama wanavyopima macho shuleni, asiyeona ubaoni wamkalishe mbele. Nikakaa. Kukaa huko hakukuwa rahisi.

Laiti ungemwona. Vibao vya rangi apange, picha aangalie kisha aseme kilichoondolewa, maneno ayarudie. Miguu inaning'inia kitini, anadhani ni mchezo. Maneno yakiwa mawili anayarudisha. Yakizidi anauma kidole, vile vile ulivyokuwa unauma wewe nikikukaripia. Nikageuka nikatazama ukuta.

Akili anazo, Somoe. Anaelewa kama wenzake. Kinachomshinda ni kushika mengi kwa pamoja, na anataka muda. Aambiwe jambo moja, asubiriwe, ndipo aambiwe la pili. Basi. Kwa hilo tu mtoto alikuwa anaitwa mvivu.

Wifi yako wa kule Sudi akasikia, akaja na mdomo wake. Eti kama keshapimwa akili, shule ya nini tena, bora nimpe yeye akamsaidie kupara samaki. Nikamwambia samaki wa baharini hawatakwisha, akimaliza shule atawakuta. Mumeo naye akapiga simu, akasema, "Mama, fanya unavyoona." Naona asome.

Mwalimu kamhamishia mbele. Mimi namtuma kitu kimoja, akirudi namtuma kingine, mwenye duka anasema nimemgeuza mjukuu bodaboda. Aseme. Na yule jirani yetu wa bondeni, mama Sikujua, kaja kwangu kwa mlango wa uani na mwanawe mgongoni. Mtoto huyo naye ana ugonjwa wa moyo. Alikuwa anamficha. Tutakwenda wote.

Najua umekasirika. Wewe ulitaka aolewe, mimi nataka kwanza asome jina la mume kwenye cheti bila kusomewa. Nakuahidi hivi: kila wakisema arudiwe kipimo nitampeleka, na atakayemwita mjinga atakutana na mimi kwanza. Mola akupe usingizi usio na kero, mwanangu, na akupanulie hapo ulipo. Hasira zako zitunze. Siku nikija tutagombana vizuri, mimi na wewe, tuna wakati. Saa hizi nina mtoto wa kusomesha.

Mama yako.