Mama, Sikukukatia Simu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii shikamoo nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu, kama ulivyotaka. Wifi Eliwaza, wewe unayemsomea mama, naomba unyamaze kidogo hapa mpaka mama aitikie. Usiendelee wifi. Ngoja.

Ahsante mama. Bwana asifiwe.

Mguu unaendeleaje? Kaka Yona aliniambia uvimbe umeshuka na kwamba siku hizi kanisani unakwenda na kurudi mwenyewe, hutaki kushikwa mkono. Nilicheka, nikasema huyo ndiye mama, sasa nimeamini amepona. Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi huku Ubelgiji ni mzima, nakula, nalala, nasali. Baridi imeanza kulegea. Jumapili nilivaa koti moja tu badala ya mawili, nikajitanda kile kitenge ulichonichagulia, na mama mmoja Mkongo akanisimamisha mlangoni pa kanisa akikishika pindo. "Umekitoa wapi hiki?" Nikamwambia, kwa mama yangu, Hombolo, wala usiniombe maana sikupi.

Sasa mama kaa vizuri. Ulisema jambo lililoharibikia kwenye simu halitengenezwi kwa simu, niandike barua, usomewe, uisikie yote bila kukatwa. Nimetii. Habari yenyewe ni ndefu lakini ina furaha ndani yake, utaona.

Kazi yangu unaijua. Napika chai na kahawa, naosha vyombo na kupangusa meza katika jengo la wataalamu wa kompyuta. Wametoka nchi nyingi za Ulaya, Wagiriki, Wareno, Wajerumani, Waitaliano, na nchi zao zimewaweka pamoja wafanye utafiti mmoja. Mwanzoni nilidhani wanagombana kila siku. Kumbe wanaelewana, ndivyo wanavyoongea.

Huo utafiti nilikuwa siuelewi kabisa mpaka siku nilipokumbuka soko la Majengo. Mtu akija na lori kutafuta mtama hana haja ya kumjua kila mkulima, si ndiyo? Dalali anajua nani anao. Mpimaji anapima, makuli wanapakia, mwenye stoo anafungua stoo yake. Kila mmoja ana kazi yake na hakuna anayemfundisha mwenzie. Basi hawa wanataka kompyuta ziishi hivyo kwenye intaneti. Moja kazi yake ni kusikia maneno ya mtu. Nyingine inajua magari yako wapi. Nyingine inajua kiwanda gani leo kinapokea zabibu. Zinaitana zenyewe, ya Ugiriki inaiita ya Ureno, na mkulima yeye ana simu moja tu ya kuongea. Nilipomweleza kwa simu dada Merina wa hapo sokoni akasema, "Kwa hiyo dalali ni intaneti? Afadhali, labda hiyo haitadanganya."

Siku moja napeleka kahawa kwenye mkutano wao, nikamsikia Bi Eleni, yule Mgiriki anayewaongoza, anasema "Ombolo". Mama, nikaliweka birika chini. Kumbe walikuwa wameongea na wenzao wa chuo kimoja hapo Dodoma, wakashauriwa waijaribu kazi yao kwa wakulima wa zabibu, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Samahani, hapo ni kwa mama yangu." Wote wakageuka. Bwana Joaquim, Mreno mmoja mnene mwenye utani mwingi, akainuka akanipa kiti chake na kahawa akawamiminia yeye. Wakaniuliza kama mama yangu ana zabibu. Nikasema anazo, na ni tamu kuliko za jirani. (Wifi, hapo usiposoma kwa sauti kubwa jirani hatasikia.)

Ndivyo ulivyokuwa mkulima wa kwanza kupigiwa. Na kosa langu lilianzia hapo. Nilikuambia, "Jumanne utapigiwa kutoka kazini kwangu, uwaambie una zabibu kiasi gani." Sikukuambia kwamba atakayeongea ni mashine. Niliona aibu kueleza kitu ambacho mimi mwenyewe nimekielewa nusu. Nisamehe mama.

Siku yenyewe nilisimama nyuma na trei yangu. Ukapokea. Mashine ikasema kwa ile sauti yake kavu, "Taja kiasi cha zabibu zako."

Wewe ukasalimia kwa Kigogo chetu, "Mbukwenyi. Za huko jamani? Mmeamkaje?"

"Samahani, sijaelewa. Taja kiasi cha zabibu zako."

"Zabibu zipo, hazikimbii. Wewe ni mtoto wa nani? Damari wangu yuko hapo?"

"Samahani, sijaelewa. Taja kiasi cha zabibu zako."

"Basi nitarudia labda husikii vizuri, pole. Mbukwenyi!"

"Kwaheri."

Ikakata. Nilitamani sakafu inimeze na trei yangu. Samweli wa kwenye Biblia naye aliitwa mara tatu, lakini Samweli angalau aliitika kila mara, hata kama alimkimbilia asiyemwita. Na jioni ukanipigia, ukasema maneno ambayo ninayo mpaka leo: "Nimewasalimia watu wa kazini kwako, hawajaniitikia hata mara moja, halafu mmenikatia simu. Huko ndiko mnakofundishana hivyo?" Ukazima.

Mama, sikukukatia simu. Hakuna mtu aliyekukatia. Ni mashine ambayo ilikuwa haijalelewa.

Kesho yake Bi Eleni alikuwa amenuna. Wakaguzi wa utafiti wao walikuwa wanakuja baada ya wiki moja, na kama Hombolo isingefanya kazi, wangeiondoa wabaki na vijiji vya hukohuko Ulaya. Nikakumbuka msimu ule zabibu zilivyotuozea kwenye kreti tukingoja gari, na kumbe gari lilishinda kijiji cha pili likitafuta mzigo. Niliomba palepale jikoni mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo. Nikasema, Bwana, mama yangu amekasirika, wakubwa wamekasirika, na mimi niko katikati na sufuria. Halafu nikaenda kukusanya vikombe.

"Mama yako hakujibu swali," Bi Eleni akaniambia.

"Alijibu," nikasema. "Ninyi ndio hamkumjibu la kwake."

"Lipi?"

"Alisalimia. Kwetu huwezi kumuuliza mtu mzima habari ya mali yake kabla hujamsalimia na kuuliza wa nyumbani kwake. Ni kama kuingia ndani bila hodi ukaenda moja kwa moja kufunua chungu."

Joaquim akapiga meza kwa kicheko. "Bibi yangu kule kijijini angeikatia mashine hii kabla haijamkatia yeye!"

Nikauliza, "Kwani inamngoja mtu muda gani?"

"Sekunde nane."

"Sekunde nane mama yangu hajafika hata kwenye ng'ombe!"

Basi hapo hata Bi Eleni akacheka, akavua miwani akajifuta macho. Kisha akasema polepole kwamba wamezitengeneza hizi kompyuta zisalimiane zenyewe kila zinapoitana, maana zisiposalimiana kwanza hazifanyi kazi, lakini mtu hawakumwekea salamu. Mama, nilishangaa. Kumbe hata mashine zina adabu zao, ila kwa wenzao tu!

Wakaamua kutengeneza kipande kipya, kazi yake salamu tu. Isalimie, ingoje, iulize wa nyumbani, iitikie, na isitaje zabibu mpaka mkulima mwenyewe aseme, "Haya, nakusikiliza." Sauti wakaniomba mimi. Nikakaa kwenye chumba chenye kuta za sponji nikisalimia ukuta. Joaquim alitaka shikamoo ipewe kila mtu, iwe rahisi. Nikamwambia, kijana wa miaka ishirini akipewa shikamoo na mtu wa umri wangu atajua namtania, atakata yeye. Ikabidi wamwombe kaka Yona umri wa kila mkulima. Ndiyo maana alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari, wala hagombei udiwani, waambie wazee watulie.

Wakaguzi wakaja, wanne, suti zimepigwa pasi. Yona alikuwa amekubembeleza siku mbili, na akaniambia ulisema, "Nitapokea kwa ajili ya zabibu, siyo kwa ajili yao." Nikapewa ruhusa ya kusimama, safari hii bila trei. Ikalia. Ukapokea.

Sauti yangu ikasema, "Mbukwenyi. Shikamoo mama."

Ukanyamaza. Sekunde nane zikapita, na zingine, na zingine. Bi Eleni alikuwa ameshika kiti. Mashine ikangoja.

"Damari?" ukasema. "Ni wewe? Marahaba mwanangu. Marahaba. Mungu ailinde kazi ya mikono yako, akulinde na baridi ya huko, wewe na wote ulio nao."

Kwenye ukuta maneno yako yalikuwa yanatokea kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza. Wale wa suti walikuwa wanaisoma baraka yako, mama. Mimi nikasema "Amina" kwa sauti kabla sijajizuia. Joaquim akasema "Amina". Bi Eleni akajifanyia ishara ya msalaba kwa namna yao ya Kigiriki.

Halafu ukauliza, "Umekula?"

Hilo hatukuwa tumeifundisha. Ikanyamaza. Mimi kule nyuma nasema, "Nimekula mama!" kana kwamba utanisikia.

Wewe ukasema, "Kimya chako nakijua. Hujala." Watu wakacheka mpaka mkaguzi mmoja akadondosha kalamu. "Haya, nakusikiliza. Sema shida yako."

Ikauliza habari za zabibu, ukajibu, "Kreti kumi na nne, na mbili za kanisani, hizo usiziandike." Ikaziandika pembeni na alama ya kuuliza. Nikawaeleza kwamba hizo ni za mavuno, ni fungu la Bwana, haziuzwi. Basi sasa kuna sehemu ya hizo pia. Kompyuta ya Ureno ikaita ya magari, ya magari ikaita ya kiwanda, na Yona anasema kesho yake gari lilifika jua halijawa kali. Hombolo imebaki, mama! Na mkaguzi mkubwa, mama mmoja mwenye mvi, alisema hicho kipande cha kungoja kipelekwe na kwenye vijiji vya kwao, kwa sababu wazee wa kwao nao wamechoka kukatiwa. Nilirudi jikoni nikaimba peke yangu tenzi zote ninazozijua, na nisizozijua nikapiga mluzi.

Sasa la mwisho, na wifi hapa soma polepole. Yona ameniambia umewaeleza majirani kwamba Damari amepiga simu, amesalimia vizuri, ila hajala. Mama, sauti ile ni yangu, lakini mimi sikuwa kwenye simu. Uliitikia sauti iliyohifadhiwa. Jumapili nilipokwenda mbele kushiriki meza ya Bwana, moyo ulinichoma, nikaona nimeichukua marahaba yako bila kukuambia. Lakini nilikuwepo chumbani. Kila neno lako nililisikia na Amina niliyosema ilikuwa yangu, siyo ya mashine. Na siku ile nilikuwa nimekula, mkate na maharage.

Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa kanisani kwetu, mtu wa Singida, ataiacha kwa dada Merina sokoni. Ametoa na nafasi kidogo kwenye begi lake la kurudi, kwa hiyo naomba mlenda mkavu na unga wa uwele. Msalimieni kaka Yona na daftari lake, na dada Merina na wateja wake. Binti yangu Neema pale Miyuji mwambie nimepata picha za mahafali, sketi ni fupi lakini uso unameremeta. Mwinjilisti wetu mpeni mkono wangu. Na wewe wifi, Mungu akubariki kwa kusoma. Maji yako hapo karibu, kunywa.

Mama, Bi Eleni ameniahidi kwamba hawatawapigia wakulima wengine kwa sauti yangu mpaka wewe uwe umesomewa barua hii. Ukiona si vizuri watoto wako wasikike mahali wasipokuwepo, wataifuta watafute sauti nyingine, nami sitanung'unika. Yona atawaambia umeshasomewa, na simu itakuja kwako kwanza. Itasema mbukwenyi, itasema shikamoo mama. Kama umekubali, itikia marahaba. Kama bado unafikiri, nyamaza tu, usijisikie vibaya.

Itakungoja. Nimeifundisha mwenyewe.

Ni mimi mwanao, nimekula, nimeshiba,

Damari