Butoyi Hawezi Kuja Peke Yake

Neema mujukuu wangu,

Huku Uvira tuko wazima. Nyanya yako anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, na asubuhi hii ukungu umeficha milima ya Burundi, hata ziwa linaonekana halina mwisho.

Umeniuliza kwa nini huko chuoni mnafundishwa kuongeza kwenye ujumbe alama ambazo hazileti habari mpya. Nilicheka peke yangu.

Ujana wangu nilifanya kazi ya fonie, ile radio ya kuitana na vijiji vya bonde la Ruzizi. Nyanya yako alikuwa ameenda kujifungulia kwao Bwegera. Siku moja, mvua ikipiga juu ya ziwa, sauti ikanifikia kama ya mtu anayeota: "Muke yako amezaa... Butoyi... muzima." Katikati ilikuwa kelele tupu.

Wenzangu wakanyoosha mikono kunipongeza. Miye sikushika mkono wa mtu. Kwao nyanya yako, pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Sasa Bukuru yuko wapi?

"Rudilia!" nikaita. "Bukuru iko wapi?"

Kelele. Nikaita tena, na tena, mpaka sauti ikarudi toka mbali:

"Bukuru iko ananyonya."

Basi alama zenu hizo usizione za bure, mama; ndizo zinaonyesha kilichopotea njiani. Yule Bukuru ndiye baba yako. Kabla sijasikia jina lake, nilijua amezaliwa, kwa sababu nilisikia la mdogo wake.

Babu yako